Kabla ya mahafali: hesabu ya kidato cha nne na cha sita ambayo kila mzazi anapaswa kuijua

Ifikapo Septemba na Oktoba, shule nyingi za sekondari Tanzania hufanya mahafali ya kidato cha nne. Turubai hufungwa uwanjani, muziki hukodiwa, mama hushona kitenge kipya, na baba aliyeuza mbuzi wawili hupiga picha na mwanawe aliyevishwa shada la maua shingoni. Ni furaha ya haki, maana kumfikisha mtoto hapo si kazi ndogo. Lakini siku hiyo mtoto bado hajafanya mtihani. Mtihani wa Taifa huanza Novemba, na matokeo kwa kawaida hutoka Januari.

Januari ndipo simu na ujumbe huanza kumiminika hapa redioni. "Mwanangu kapata divisheni three, mbona hajachaguliwa?" "Binti yangu kapata four, ndiyo basi tena?" "Jirani yetu kapata pointi nyingi kuliko wangu, mbona yeye kaenda kidato cha tano?" Wengine hudhani kuna upendeleo. Mara nyingi upendeleo haupo. Kuna masharti, na masharti hayo yangeweza kujulikana nyumbani miaka miwili kabla.

Jambo kubwa tunalotaka ulishike ni hili: divisheni peke yake haimfikishi mtoto popote. Kinachoangaliwa ni somo gani kapata alama gani. Katika makala haya tunaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua, kisha tunaeleza karatasi za kuandaa, maana wapo waliofaulu vizuri wakakwamishwa na cheti cha kuzaliwa.

Divisheni inapatikanaje?

Katika mtihani wa kidato cha nne, Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, hutumia alama tano. A ni kuanzia 75 hadi 100. B ni 65 hadi 74. C ni 45 hadi 64. D ni 30 hadi 44. Chini ya 30 ni F, yaani amefeli somo hilo.

Kila alama ina pointi zake: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Kwa hiyo hapa pointi chache ndiyo ufaulu mzuri. NECTA huchukua masomo saba ambayo mwanafunzi kafanya vizuri zaidi na kujumlisha pointi zake. Jumla ikiwa 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Ikiwa 18 hadi 21 ni la pili. Ikiwa 22 hadi 25 ni la tatu. Ikiwa 26 hadi 33 ni la nne. Ikiwa 34 au 35 ni sifuri.

Mpaka hapo wazazi wengi wanafahamu. Tatizo linaanzia hapa, kwa kuwa wengi huishia kwenye jumla hiyo na hawarudi kuangalia somo mojamoja.

Mlango wa kwanza: kidato cha tano

Ili mwanafunzi achaguliwe na serikali kwenda kidato cha tano, kuna masharti makuu matatu.

La kwanza, awe amepata angalau C, yaani A, B au C, katika masomo matatu. Somo la dini halihesabiwi katika hayo matatu.

La pili, jumla ya pointi zake kwa masomo saba isizidi 25.

La tatu linahusu tahasusi, yale masomo matatu ambayo wanafunzi huyaita kombi, kama PCB au HGK. Pointi za masomo hayo matatu zikijumlishwa zisizidi 10, na asiwe na F hata katika somo moja kati ya hayo.

Tuchukue mfano. Tuwaite Neema na Juma, wa shule moja, dawati moja.

Neema kapata B ya Kiswahili na B ya Historia. Masomo mengine matano yote kapata D. Pointi zake ni 2 na 2, kisha 4 mara tano. Jumla 24. Daraja la tatu.

Juma kapata C ya Kiswahili, C ya Historia na C ya Jiografia. Masomo mengine manne kapata D. Pointi zake ni 3 mara tatu, kisha 4 mara nne. Jumla 25. Daraja la tatu pia, ila Neema kamzidi kwa pointi moja.

Nani anastahili kwenda kidato cha tano? Ni Juma. Ana C tatu, jumla yake haijazidi 25, na masomo ya HGK yanampa pointi 9. Neema ana alama mbili nzuri kuliko zote za Juma, lakini ni mbili tu. Sharti la kwanza limemkataa. Angepata C ya Jiografia badala ya D, angepita. Kumbuka pia kwamba D huishia alama 44 na C huanzia 45. Kwa mtoto aliyesimama kwenye 44, safari yote ya kidato cha tano imekatika kwa alama moja.

Ndiyo maana tunasema: kama mtoto wako ana masomo mawili anayoyaweza sana, usikae ukaridhika. Muulize la tatu ni lipi. Hilo la tatu ndilo la kuwekewa muda wa ziada, mwalimu wa ziada na mafuta ya taa ya ziada.

Uamuzi mkubwa hufanyika mwisho wa kidato cha pili

Wazazi wengi huanza kushughulika mtoto akiwa kidato cha nne. Ukweli ni kwamba njia nyingi hufungwa au kufunguliwa mwanafunzi anapotoka kidato cha pili kuingia cha tatu. Hapo ndipo wengi huamua kuacha Fizikia na Kemia. Wengine huacha kwa sababu masomo ni magumu, wengine kwa sababu shule haina mwalimu, wengine kwa sababu rafiki zao wameacha.

Hatusemi kila mtoto asome sayansi. Yupo ambaye nguvu yake iko kwenye lugha au historia, na kumlazimisha ni kumwongezea F mbili. Lakini uamuzi huo ufanyike mkijua unachofunga. Mtoto aliyeacha Kemia na Fizikia kidato cha tatu hataweza kuomba kozi ya utabibu baada ya kidato cha nne, hata akipata A ya Kiswahili. Hataingia PCB wala PCM. Akija kusema kidato cha nne kwamba anataka kuwa nesi au daktari, mlango utakuwa umefungwa miaka miwili iliyopita.

Kwa hiyo mtoto akiwa kidato cha pili, nenda shuleni. Mwulize mwalimu wa taaluma maswali matatu. Mwanangu anafanya vizuri masomo gani? Akiacha somo hili, anakosa kozi zipi? Shule hii ina mwalimu wa somo hilo au wanafunzi wanajisomea wenyewe? Majibu hayo yana thamani kuliko zawadi yoyote ya mahafali.

Wanafunzi walioanza kidato cha kwanza mwaka 2025 wanasoma mtaala mpya wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Masomo yao yana tofauti kadhaa na ya kaka zao. Mzazi mwenye mtoto katika kundi hilo aombe shule imweleze mkondo wake na masomo yake mapema, asitegemee uzoefu wa mtoto aliyetangulia.

Selform si fomu ya kujaza kwa mkumbo

Kabla ya mtihani wa kidato cha nne, wanafunzi hujaza fomu ya Selform. Humo mwanafunzi huandika tahasusi anazotaka na vyuo anavyopenda. Wengi huijaza kwa kufuata mkumbo: darasa zima linaandika PCB kwa sababu inasikika vizuri.

Matokeo yakishatoka, Ofisi ya Rais TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo hayo kupitia tovuti ya selform.tamisemi.go.tz. Dirisha hilo lina mwisho wake. Huu ndio wakati wa kukaa na karatasi ya matokeo, kupiga hesabu ya kila tahasusi, na kurekebisha. Kama huna intaneti nyumbani, mwalimu wa shule aliyomaliza mtoto anaweza kumsaidia, au mwende pamoja kwa mwenye huduma ya kompyuta mjini. Mtoto awepo mwenyewe. Usimwachie mtu wa duka amchagulie maisha.

Tuangalie mfano wa Rehema. Kapata C ya Uraia, C ya Kiswahili na C ya Kiingereza. Kapata D ya Historia, Baiolojia, Fizikia na Kemia. Jumla ni pointi 25, daraja la tatu, na C tatu anazo. Kwenye Selform aliandika PCB tu, kwa sababu ndoto yake ni kufanya kazi hospitali.

Hesabu ya PCB ni 4 na 4 na 4, jumla 12. Imezidi 10, kwa hiyo PCB haimpati. Hesabu ya HKL ni 4 na 3 na 3, jumla 10. HKL anaweza kuchaguliwa. Asipobadilisha chochote, anaweza kubaki nyumbani akidhani amefeli, na hali amefaulu.

Lakini ngoja kwanza. HKL itampeleka Rehema kwenye lugha na historia, mbali na hospitali. Je, hana njia nyingine? Anayo, na ndiyo mlango wa pili.

Mlango wa pili: vyuo vya kati

Vyuo vya kati ni vile vinavyotoa astashahada na stashahada: afya, kilimo, mifugo, uhasibu, ufundi, maendeleo ya jamii na mengineyo. Vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET.

Sharti la jumla la kuanza astashahada kwa aliyemaliza kidato cha nne ni kufaulu angalau masomo manne, yaani D nne au zaidi, bila kuhesabu masomo ya dini. Kisha kila kozi ina masomo yake. Kwa utabibu, kati ya hayo manne lazima kuwe na Kemia, Baiolojia na Fizikia.

Rudi kwa Rehema. Ana D ya Kemia, D ya Baiolojia na D ya Fizikia, na ana C tatu nyingine. Sharti la chini la utabibu analo. Alama zilezile ambazo PCB ilizikataa zinampa haki ya kuomba chuo cha afya. Akimaliza ngazi zote tatu, ambazo kwa kawaida huchukua miaka mitatu, anakuwa na stashahada na anaweza kufanya kazi kama afisa tabibu. Akiwa na GPA ya 3.0 au zaidi anaweza baadaye kuomba chuo kikuu, ilimradi atimize masharti ya kozi husika.

Kuna mambo mawili ya kupima. Kwanza, kutimiza sharti la chini hakumaanishi kupata nafasi, maana waombaji ni wengi na wenye alama za juu hutangulia. Pili, kuna suala la pesa. Shule za serikali za kidato cha tano na cha sita hazitozi ada tangu mwaka wa fedha 2022/2023. Vyuo vya kati vina ada, na juu yake kuna chakula, malazi na vifaa. Familia ikae chini na kupiga hesabu ya miaka yote mitatu, siyo ya muhula wa kwanza tu. Tumeona vijana wanaoanza chuo kwa kuuza ng'ombe mmoja, kisha wanarudi nyumbani mwaka wa pili kwa sababu hakuna ng'ombe wa pili.

Sasa turudi kwa yule mama aliyeuliza kama divisheni four ndiyo mwisho. Mwanafunzi mwenye D nne na F tatu ana pointi 31, daraja la nne. Kama D hizo si za dini, amefikisha sharti la jumla la astashahada. Binti wa huyo mama hajafika mwisho. Ana karatasi inayomruhusu kuomba chuo. Linalobaki ni kuangalia D zake ni za masomo gani.

Na aliyepata sifuri?

Kwake pia kuna njia mbili za kweli.

Ya kwanza ni ufundi stadi. Vyuo vya VETA na vingine vilivyosajiliwa hupokea hata waliomaliza darasa la saba. Kijana anaweza kujifunza umeme wa majumbani, uchomeleaji, ushonaji, ufundi magari au upishi, na akapata cheti kinachotambulika kwa hatua, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. Maombi hufanyika miezi kadhaa kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo ulizia mapema katika chuo kilicho karibu.

Ya pili ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapa hahitaji kurudia masomo yote. Anaweza kuchagua yale anayoyahitaji. Neema wa mfano wetu anaweza kujisajili, kusoma Jiografia kwa mwaka mzima na kutafuta hiyo C moja iliyomkosesha. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mapema mwaka uleule wa mtihani. Anayesubiri hadi Agosti ndipo aulize, mara nyingi hukuta umefungwa.

Na kwa aliyeacha shule kabla ya kufika kidato cha nne, upo Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kama QT. Akiufaulu, anapata sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne. Wapo kina mama waliorudi kwa njia hii baada ya kulea watoto.

Kidato cha sita: hesabu inageuka

Kwa kidato cha sita, divisheni huhesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, 20 na 21 sifuri.

Vyuo vikuu, kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutumia hesabu nyingine kabisa, tena iliyogeuzwa. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Huku pointi nyingi ndiyo ufaulu. Sharti la chini la kuingia shahada ni kufaulu masomo mawili kwa A, B, C, D au E, na masomo hayo mawili yafikishe pointi 4. S haihesabiwi kuwa somo lililofaulu kikamilifu.

Tazama mfano. Asha kapata D, E na E. Kwa NECTA ni 4 na 5 na 5, jumla 14. Daraja la tatu. Baraka kapata C, E na S. Kwa NECTA ni 3 na 5 na 6, jumla 14. Daraja la tatu vilevile.

Kwa chuo kikuu, Asha ana 2 na 1, jumla 3. Hazitoshi. Baraka ana 3 na 1, jumla 4. Zinatosha. Divisheni moja, pointi zilezile 14, mmoja anaomba shahada na mwingine hawezi. Asha anaweza kuomba stashahada, kwa kuwa ngazi hiyo huhitaji angalau somo moja la A hadi E na lingine angalau S, kisha akapanda hadi shahada kwa GPA.

Somo kwa mwanafunzi wa kidato cha sita ni kwamba asigawe nguvu zake sawasawa bila kufikiri. Masomo mawili yanayohitajika kwenye kozi anayoitaka lazima yawe imara. Na masharti ya kozi hutofautiana. Uhandisi huangalia Fizikia na Hisabati. Udaktari unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia yote matatu. Kozi nyingine hurudi nyuma na kuuliza kama ulifaulu Hisabati au Kiingereza kidato cha nne. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili wenye masharti ya kila kozi ya kila chuo. Unapatikana bure kwenye tovuti ya tcu.go.tz. Upakue ukiwa mahali penye mtandao mzuri, usome ukiwa nyumbani.

Karatasi: hapa ndipo wengi hukwama

Mtoto kafaulu. Sasa anaomba chuo na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB. Ghafla inagundulika kwamba cheti cha shule kinasema Mwajuma Salumu, cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanajuma Salum. Kwa macho ya kijijini ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu wawili.

Kwa hiyo fanya haya mapema, hata mtoto akiwa kidato cha kwanza.

Hakikisha ana cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, na majina yake yafanane herufi kwa herufi na yale ya shule. Kabla shule haijatuma majina NECTA kwa usajili wa kidato cha nne, mwanafunzi aombe kuona jina lake lilivyoandikwa. Kosa likigundulika hapo ni kazi ya kalamu. Likigundulika baada ya cheti kutoka, ni safari, viapo na gharama.

Kwa mkopo, HESLB hudai cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Familia nyingi vijijini huzika bila kuchukua cheti cha kifo, kisha mtoto yatima anashindwa kuthibitisha kwamba ni yatima. Kama hamna cheti hicho, anzeni kukifuatilia sasa. Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF, tunzeni namba ya kaya, maana fomu ya mkopo huiuliza. Fomu hiyo pia huhitaji mdhamini mwenye kitambulisho, saini na muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, na uthibitisho wa wakili au hakimu.

Jambo jingine ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Namba atakayotumia kuomba chuo iwe ileile atakayotumia kuomba mkopo. Waliofanya mtihani zaidi ya mara moja huchanganya namba hapa, na maombi yao hayakutani.

Na usisahau JKT. Wahitimu wengi wa kidato cha sita huitwa kwenye mafunzo mara tu baada ya mtihani wa Mei. Kambini hakuna nafasi ya kuhangaikia cheti cha kuzaliwa. Karatasi ziwe tayari kabla hajaondoka, na nakala zibaki kwa mtu mmoja anayeaminika nyumbani.

Jihadhari na matapeli

Msimu wa matokeo ni msimu wa mavuno kwa matapeli. Hakuna mtu anayeweza kubadilisha matokeo yako NECTA kwa kutumiwa pesa. Hakuna "mtu wa ndani" anayeuza nafasi ya kidato cha tano. Malipo ya taasisi za serikali hufanywa kwa namba maalumu ya malipo inayotolewa na mfumo, siyo kwa kutuma kwenye namba ya simu ya mtu. Na kabla hujalipa ada ya chuo chochote binafsi, angalia kama kimesajiliwa, kupitia nactvet.go.tz kwa vyuo vya kati na tcu.go.tz kwa vyuo vikuu. Cheti cha chuo kisichosajiliwa hakitakubalika kazini wala chuoni.

Matokeo yenyewe hutolewa bure kwenye tovuti ya necta.go.tz. Mwenye simu ndogo isiyo na intaneti anaweza kupiga *152*00# na kufuata sehemu ya elimu, kwa gharama ndogo.

Kalenda ya kubandika ukutani

Kidato cha kwanza: cheti cha kuzaliwa kipatikane, majina yalingane.

Kidato cha pili: mzazi aende shuleni kabla mtoto hajaamua masomo ya kuacha.

Kidato cha tatu: mtambue masomo matatu ya kutegemea na kozi mbili au tatu anazozipenda.

Kidato cha nne: jina lihakikiwe wakati wa usajili, Selform ijazwe kwa hesabu, na matokeo ya moko yatumike kuona pengo liko wapi.

Januari, matokeo yakitoka: pigeni hesabu ya somo kwa somo, kisha mfuatilie dirisha la kubadilisha Selform na maombi ya vyuo.

Julai: shule za kidato cha tano hufunguliwa. Fomu ya maelekezo ya kujiunga isomwe mapema, na mtoto aripoti ndani ya muda uliopangwa. Akichelewa, nafasi yake anaweza kupewa mwingine.

Kidato cha sita: karatasi za mkopo ziandaliwe kabla ya Mei. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai, na maombi ya vyuo vikuu hufuata. Akipata vyuo viwili au zaidi, lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa.

Tarehe hubadilika kidogo kila mwaka, nasi tutazitangaza hewani zinapotoka.

Jioni ya leo, kabla ya taarifa ya habari, mwambie mtoto alete matokeo yake ya mtihani wa mwisho. Chukueni kalamu. Hesabuni C ziko ngapi na ni za masomo gani. Kama ni mbili, mnalijua la tatu la kufanyia kazi. Turubai na muziki vitakuja kwa wakati wake, na mbuzi wawili wa mahafali pengine wakabaki zizini wakisubiri nauli ya kidato cha tano.